Futi Tatu za Ukuta kwa Kila Mtu

Mimi huandika vibao vya maduka Kariobangi, Nairobi, na mara nne sasa nimeandaa maonyesho ya picha yasiyo na wa kuchuja. Ukileta, inatundikwa. Wengi hudhani kazi ni kufungua mlango tu. Mchujo ukiufukuza mlangoni huingilia dirishani, na anayeuingiza ni yule uliyempa nyundo.

Mara ya kwanza nilisema hakuna kazi itakayokataliwa, nikamwachia rafiki yangu kutundika. Kufika jioni, picha za waliosomea sanaa zinatazamana na mlango mkuu. Za mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba, aliyechorea kreyoni za mwanawe, ziko kando ya choo. Hakusema neno. Hakurudi pia.

Tangu hapo napiga kura. Pima ukuta, uugawe kwa chaki vipande vya futi 3, kila kipande namba yake. Namba zitie kwenye sufuria, kila mtu achomoe moja mwenyewe mbele ya wenzake. Picha ikizidi futi 3, mwenyewe apatane na jirani, wewe usiingilie. Bakiza nafasi 5 tupu, nitakwambia kwa nini.

Kumbi nyingi hazitaki misumari. Nunua waya wa kufungia nondo, uufunge kutoka nondo ya dirisha moja hadi nyingine, picha zishikwe kwa vibanio vya nguo. Vinyago na vitu vizito viwekwe mezani. Mchango ni shilingi 100 kila mtu, ya waya na chai. Picha ikiuzwa, pesa zote ni za mchoraji.

Ukiomba ukumbi, andika wazi kwamba unaomba ukumbi, si idhini ya picha. Mwenye ukumbi akitaka kuzikagua kwanza, mshukuru, utafute kwingine.

Sheria ziandikwe mapema, zibandikwe mlangoni. Mwaka 1917, wasanii wa New York walitangaza maonyesho yasiyo na jopo la majaji: lipa dola 6, kazi yako ionekane. Walipanga kazi kwa alfabeti, na herufi ya kuanzia wakaichomoa kwa kura. Safi kabisa! Kisha msanii Marcel Duchamp akaleta bakuli la kukojolea lililotiwa sahihi ya R. Mutt, jina la kubuni, na hao hao wakalikataa. Ada ilikuwa imelipwa. Walikuwa na sheria nzuri, ila hawakuwahi kujiuliza watafanya nini siku itakapowauma.

Mpaka wangu mimi nimeuazima kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 33. Kinalinda ubunifu wa kisanaa, lakini si uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Picha mbaya, picha chafu, picha ya kumcheka mheshimiwa, zote zinabaki ukutani.

Mwaka jana mzee mmoja alikuja juu kwa sababu ya mheshimiwa aliyechorwa fisi. Alitaka itolewe papo hapo. Nikamwambia, "Mzee wangu, siitoi. Lakini namba 17 iko tupu, na ni yako ukiitaka." Akaondoka akinung'unika. Saa kumi akarudi na kipande cha bati na rangi ya geti: fisi yuleyule, sasa anachunga mbuzi, na mbuzi wote wanono. Nikamkatia waya.