Namna ya kukeneka mafuta ya maganda ya machungwa

Muuza machungwa wa Dar es Salaam au Tanga humenya kwa namna ambayo mtengenezaji wa mafuta angeitamani. Kisu chake huondoa tabaka la juu peke yake, kwa utepe mmoja mrefu na mwembamba, na kuliacha tunda likiwa limevaa utando wake mweupe ili mnunuzi alishike bila kulowa mikono. Utepe ule huangukia ndooni, na jioni hutupwa. Anayetaka kujifunza kutengeneza mafuta ya kunukia ya chungwa tamu aanzie kwenye ndoo hiyo, kwa sababu mafuta yote ya ganda yamo katika tabaka hilo hilo linalotupwa, tena tayari limetenganishwa na sehemu nyeupe isiyohitajika.

Ukiliangalia ganda kwa karibu utaona vitone vidogo vilivyosambaa kama vinyweleo. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Kunja kipande cha ganda bichi mbele ya mwali wa mshumaa, nawe utaona cheche zikiruka, kwa kuwa vifuko hupasuka na mafuta hurushwa motoni. Sehemu nyeupe haina mafuta ya kutajika, bali ina pektini, ambayo huvimba ndani ya maji ya moto na kuleta povu linaloweza kuziba bomba. Mtu asihofu rangi ya kijani ya machungwa yetu. Katika joto la pwani, usiku haupoi kiasi cha kuiondoa rangi hiyo hata tunda likiwa limeiva kabisa, na harufu imo ndani yake vilevile.

Mafuta yenyewe hutiririka kama maji, hayana utelezi mzito wa mafuta ya kupikia, nayo huvukika yakiachwa wazi. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni kemikali moja iitwayo limonini. Iliyobaki ni mirsini, painini, linaloli na aldehidi kadhaa ambazo, ingawa ni chache mno, ndizo zinazoifanya harufu iwe ya chungwa hasa na si ya kitu cha kusafishia tu. Mililita moja ina uzito wa takribani gramu 0.85, kwa hiyo mafuta huelea juu ya maji. Yaliyokenekwa, yaani yaliyotolewa kwa kuchemsha maganda na kuupoza mvuke wake, huwa hayana rangi au yana umanjano hafifu, na yale yaliyokamuliwa bila moto huwa na rangi ya machungwa, kwa kuwa hubeba pia rangi na nta za ganda. Yote hushika moto kwa urahisi. Mvuke wake unaweza kuwaka mafuta yakiwa na nyuzijoto zisizofika 50, na jambo hilo lizingatiwe tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho wake.

Katika nchi zenye viwanda vikubwa vya juisi, kama Brazili, mafuta haya ni zao la pembeni la juisi. Mashine hukwaruza au kutoboa ganda huku maji yakirushwa juu yake, kisha mchanganyiko wa maji na mafuta huzungushwa kwa kasi hadi vitengane. Huko Sicily, kabla ya mashine, wafanyakazi walikuwa wakikandamiza maganda kwa mkono juu ya sifongo na kuikamua. Njia hiyo ya kukamua hutoa harufu iliyo karibu zaidi na tunda, lakini kwa mtu wa nyumbani au kikundi kidogo naona kukeneka ndiko kunakofaa: vifaa hupatikana, na mafuta hutoka safi, bila nta.

Kukeneka kunawezekana kwa sababu ya jambo moja lenye kupendeza. Limonini peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 176, joto ambalo lingeiunguza harufu, lakini ikiwa pamoja na maji, mvuke wa kila kimoja huongeza nguvu ya mwenzake, na viwili hivyo hupanda pamoja kwenye joto lililo chini kidogo ya nyuzijoto 100. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotumika katika kiwanda cha kukeneka mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, cha Wawi, Pemba, ila tu mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji na huzama, wakati ya chungwa huelea. Anayezijua kazi zote mbili lazima akumbuke tofauti hiyo anapotenganisha.

Kwa kuanzia, tafuta sufuria ya presha ya lita 8 au 10 ambayo haitatumika tena kwa chakula, maana mpira wa mfuniko wake utashika harufu daima. Ondoa kizito kinachokaa juu ya tundu la mvuke, na hapo unganisha bomba la shaba nyekundu lenye urefu wa mita moja na nusu hivi, pana kiasi cha kuingia kalamu ya risasi. Vali ya usalama ya sufuria iachwe mahali pake. Bomba liinuke kidogo kutoka kwenye mfuniko, kisha lizungushwe mara tatu au nne ndani ya ndoo ya maji baridi na litokee chini ya ndoo kupitia tundu lililozibwa vizuri. Usitumie mpira wa maji wala plastiki laini, kwa kuwa limonini huilainisha na kuivimbisha, na usitumie bomba lililoungwa kwa risasi, kwa kuwa risasi ni sumu. Mianya midogo kwenye kiungo huzibwa kwa donge la unga wa ngano uliokandwa; hukauka kwa joto la mvuke na kushika vizuri.

Maganda yawe ya siku hiyo hiyo. Ya jana yamekwisha kupoteza sehemu ya harufu, na yaliyolala kwenye mfuko uliofungwa huanza kuchacha, na harufu hiyo huingia kwenye mafuta bila njia ya kuiondoa baadaye. Kwa sababu hiyo ni bora kuelewana na muuzaji mmoja au wawili, kuwapelekea ndoo safi yenye mfuniko asubuhi, na kuwaomba wayaoshe matunda kabla ya kumenya. Ukifika nyumbani, katakata maganda vipande vidogo, au yapitishe kwenye mashine ya kusagia nyama, na yatie kwenye sufuria papo hapo, kwa kuwa vifuko vikishapasuka mafuta huanza kupaa.

Kilo mbili za maganda zitiwe pamoja na lita tatu za maji, na vyote pamoja visizidi nusu au kidogo zaidi ya nusu ya sufuria, ili povu lipate nafasi. Chini ya mfuniko weka wavu wa chuma kisichoshika kutu, uzuie vipande visifike kwenye tundu. Washa moto wa kati. Kabla ya mvuke wa kwanza kutoka, puliza bomba uhakikishe liko wazi, kwa sababu bomba lililoziba hugeuza sufuria kuwa bomu. Matone yakianza, punguza moto hadi yatoke kwa mfululizo mwembamba na yakiwa ya baridi. Yakitoka ya uvuguvugu au yakifuatana na moshi wa mvuke, maji ya ndoo yamepata joto na yanahitaji kubadilishwa au kutiwa barafu. Chupa ya kupokelea iwe ya kioo, yenye shingo nyembamba, na ikae mbali na moto kwa urefu wa mkono angalau.

Sehemu kubwa ya mafuta hutoka katika saa ya kwanza. Endelea hadi matone mapya yasiongeze utando juu ya maji, lakini usiache sufuria ikauke. Kilo moja ya maganda mabichi hutoa kwa kawaida mililita 5 hadi 10, kutegemea aina ya tunda na wembamba wa kumenya. Mtu asikate tamaa akiona kidogo. Matumizi yake huhesabiwa kwa matone.

Kutenganisha ni rahisi kwa mwenye friza. Mimina mchanganyiko kwenye kikombe cha chuma, kiache usiku kucha, na asubuhi maji yatakuwa yameganda huku mafuta yakiwa bado maji maji juu yake, kwa kuwa limonini haigandi hadi baridi ifike nyuzijoto 74 chini ya sifuri. Yamimine haraka kwenye chupa ya kioo cha kahawia, kavu kabisa, na uijaze hadi karibu na kizibo. Hewa na mwanga huigeuza limonini kuwa viambato vinavyowasha ngozi. Chupa iliyojaa na kuwekwa kwenye jokofu hudumu karibu mwaka mmoja, ila mafuta yaliyoanza kunuka kama tapentaini au kuwa mazito yasiguse tena mwili wa mtu.

Unaponunua badala ya kutengeneza, tone moja kwenye karatasi nyeupe litakusaidia. Mafuta yaliyokenekwa hupotea bila kuacha doa. Yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha alama ya uangavu isiyokauka. Kuna pia mafuta ya nazi yaliyorowekwa maganda, ambayo ni kitu kizuri kwa ngozi na nywele, lakini ni bidhaa nyingine kabisa na haifai kuuzwa kwa jina hili.

Kazi ambayo mafuta haya huifanya vizuri kuliko zote ni kuondoa vitu vinavyonata: gundi ya stika kwenye chupa, mafuta yaliyogandamana kwenye jiko, hata utomvu wa fenesi kwenye kisu. Yasiwekwe kwenye makopo meupe mepesi ya kubebea chakula, kwani huyayeyusha. Katika sabuni, asilimia 2 au 3 ya uzito wa mafuta ya sabuni yanatosha. Harufu yake hupaa upesi, kwa hiyo ichanganywe na kiasi kidogo cha karafuu kinachoishikilia. Kwa kujipaka, matone 20 katika mililita 100 za mafuta ya nazi ni kipimo cha tahadhari, na kwanza yajaribiwe ndani ya mkono kwa siku moja. Mafuta ya chungwa tamu hayaifanyi ngozi iungue juani kama yale ya ndimu au limau yaliyokamuliwa, ingawa mtu mwenye ngozi nyepesi ya kudhurika aende taratibu.

Wengi hapa pwani huchoma maganda makavu jioni kufukuza mbu, na mafuta haya nayo huwasumbua mbu, lakini kwa muda mfupi tu kwa kuwa huvukika. Hayawezi kuchukua nafasi ya chandarua chenye dawa, na asiyaseme hivyo yeyote anayeyauza. Yasinywewe. Mtoto akiyameza yanaweza kuingia mapafuni, basi asitapishwe bali apelekwe hospitali mara moja. Paka pia hudhurika nayo. Anayekusudia kuuza vipodozi vyenye mafuta haya Tanzania apitie kwanza Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Maganda yaliyobaki sufuriani yapelekwe shambani yakipoa. Maganda mabichi hukawia kuoza kwa sababu limonini huzuia vijidudu vya udongo, lakini yaliyokenekwa yamekwisha kuipoteza, na yakichanganywa na samadi na majani makavu huwa mboji nzuri.