Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kunyunyizia Viuatilifu Shambani

Wengi huogopa zaidi kuvuta hewa yenye dawa, ilhali kwa mnyunyiziaji wa shambani njia kuu ya viuatilifu kuingia mwilini ni ngozi. Kwa hiyo lebo isomwe kabla kifuniko hakijafunguliwa, kwa kuwa ndiyo inayotaja vifaa vya kinga vinavyohitajika na muda unaopaswa kupita kabla ya mtu kuingia tena shambani bila kinga.

Hatari kubwa iko wakati wa kuchanganya, kwa sababu dawa bado haijazimuliwa. Mchanganyaji avae glavu za nitrili (aina ya mpira wa kutengenezwa) zisizo na tundu, miwani iliyoziba pembeni, aproni isiyopenya maji na gambuti, huku suruali ikifunika gambuti kwa nje ili dawa isitiririkie miguuni. Glavu za kitambaa au za ngozi hunyonya dawa na kuigandisha mkononi, na kwa maoni yangu hazifai kabisa kwa kazi hii. Barakoa ya vumbi nayo haizuii mvuke. Lebo ikidai kinga ya kupumulia, itafutwe yenye kichujio cha mvuke na ikae sawasawa usoni.

Bomba la mgongoni lijaribiwe kwanza kwa maji matupu, maana linalovuja humlowesha mbebaji mgongo mzima kwa saa kadhaa. Nozeli ikiziba, isafishwe kwa brashi laini, kamwe isipulizwe kwa mdomo. Maji safi, sabuni na nguo za kubadilisha viwe karibu. Jicho lililoingiwa na dawa huoshwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

Mwajiri asimwachie kibarua mzigo wa kujinunulia kinga. Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unatambua haki ya mfanyakazi kujiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa, na ni vyema haki hiyo ielezwe kabla ya kazi kuanza.

Kila mmoja ajue pia dalili za sumu za oganofosfati, kundi la viuatilifu vya kuua wadudu: jasho na mate mengi, mboni za macho kusinyaa, misuli kutetemeka, kupumua kwa shida. Mgonjwa aondolewe shambani, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na asilazimishwe kutapika. Lebo iandamane naye hospitalini, kwa sababu atropini inayotumika kutibu sumu ya oganofosfati si tiba ya kila kiuatilifu, na parakwati, dawa ya kuua magugu, haina kiuasumu chochote.