Besi ya zamani yenye sponji iliyooza: namna ya kuivisha ukingo mpya

Besi ni spika kubwa ya sauti nzito ndani ya kabati. Toa wavu wa mbele wa spika, kisha gusa taratibu ule ukingo laini unaoizunguka koni, yaani ile karatasi inayocheza muziki ukipigwa. Ukingo ukibonyea na kurudi, ni mzima. Ukimomonyoka kama keki kavu, au ukiacha utando mweusi unaonata kidoleni, umeoza, na spika hiyo isipigwe tena mpaka itengenezwe. Ukingo ndio unaoishika koni ikae katikati. Ukikatika, koni hulala upande na koili (waya uliozungushwa) iliyo nyuma yake huanza kusugua sumaku. Kazi ya gundi na ukingo wa bei ndogo hugeuka kuwa koili iliyoungua.

Ugonjwa huu unazipata zaidi spika zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1970 hadi 1990, enzi ambayo viwanda vingi vilitumia sponji ya poliurethani. Unyevu wa hewa huivunja sponji hiyo kikemia, na joto na jua huharakisha. Nyingi hudumu miaka 10 hadi 20, kwenye hali ya hewa ya pwani pungufu ya hapo, na hazijali kama spika ilipigwa au ilikaa tu. Kwa hiyo muuzaji wa mtumba akikwambia kwamba spika "ilikuwa stoo haijaguswa", hajakwambia chochote kuhusu sponji.

Si kila ukingo wa zamani ni sponji. Mpira mweusi unaong'aa kidogo hudumu sana. Ufute tu kwa kitambaa chenye maji. Besi ya JBL L100 ina ukingo wa kitambaa chenye mikunjo, na Bose 901 za matoleo mawili ya kwanza nazo ni za kitambaa. Hizo usizing'oe. Bose 901 za toleo la tatu na kuendelea ni za sponji, na kila kabati lina spika ndogo 9, hivyo jozi moja ni kingo 18. Fikiria hilo kabla ya kulipia jozi iliyooza.

Wengi hushawishika kununua besi mpya ya inchi zilezile na kuipachika. Usifanye hivyo kama koili ya zamani bado nzima. Ukubwa wa kabati, ulaini wa ukingo na uzito wa koni vilipimwa pamoja kiwandani. Besi ngeni inaweza kuingia tunduni vizuri kabisa na bado ikatoa mlio wa debe.

Kupima kabla ya kununua kitu

Fungua skrubu, shika besi isianguke, na weka alama kwenye nyaya kabla ya kuzichomoa: upi ulikuwa kwenye chanya, upi hasi. Ukiona pamba ya kioo ndani ya kabati, vaa glavu na barakoa.

Weka mita ya umeme kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Besi iliyoandikwa omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7; ya omu 4 husoma 3 na kitu. Mita isiposoma chochote, usikate tamaa haraka: mara nyingi kilichokatika ni ule uzi wa kusuka unaotoka kwenye kituo cha waya kwenda kwenye koni, na huo huunganishwa kwa risasi. Kisha weka vidole pande zote za koni na uisukume ndani sawasawa. Ikienda kimya, koili iko salama. Ikikwaruza, jaribu kuisogeza koni kidogo pembeni huku ukisukuma. Mkwaruzo ukipotea mahali fulani, ni kwamba tu imelala upande, na ukingo mpya utaiponya. Mkwaruzo usiopotea popote maana yake koili imevimba kwa joto, au sumaku imehama kwa sababu spika iliangushwa. Hapo kubadilisha ukingo ni kupoteza pesa.

Vipimo vya ukingo

"Inchi 10" haitoshi. Pima kwa milimita: kipenyo cha koni, kipenyo cha tundu la fremu kwa ndani, na kipenyo cha nje cha sehemu bapa ambapo ukingo hukaa kwenye fremu. Kisha angalia mambo mawili yanayosahaulika. Je, mdomo wa ndani wa ukingo ulibandikwa juu ya koni au chini yake? Na je, mdomo huo ni bapa au umeinama kufuata mteremko wa koni? Mdomo bapa ukilazimishwa kwenye koni yenye mteremko hukunjamana, na koni hukaa imevutwa upande mmoja.

Usibadilishe sponji kwa mpira eti ili udumu zaidi. Mpira ni mzito na mgumu zaidi, na besi iliyotengenezwa kwa sponji hupoteza sauti zake za chini kabisa.

Kusafisha

Hii ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo inayochosha. Kwangua sponji ya zamani kwa kisu butu au ukucha, kisha toa gundi iliyobaki kwa kitambaa chenye spiriti. Loweka kitambaa, usimwage spiriti kwenye koni. Asetoni inafaa kwenye fremu ya chuma tu; koni ya plastiki inaweza kuharibika, na ya karatasi inaweza kuvuja madoa. Geuza besi uso chini unapokwangua, ili vumbi lisiingie kwenye mwanya wa koili. Bisibisi na vipande vya chuma viwe mbali. Sumaku itavivuta, na bisibisi ikiruka inatoboa koni mara moja. Donge dogo la gundi kuukuu likibaki kwenye fremu litauinua ukingo upande huo, na utakuja kutafuta chanzo cha mkwaruzo siku nzima.

Koni ya karatasi ikiwa na mpasuko, huu ndio wakati wake: bandika kipande cha tishu nyuma kwa gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji kidogo, na kingine mbele. Kipande cha tepu hakitadumu.

Kugundisha

Tumia gundi nyeupe inayobaki na unyumbufu ikikauka, ile inayouzwa pamoja na kingo. Gundi ya papo kwa papo hukauka kama kioo na kupasuka. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inayokula shaba, na baada yake hakuna gundi nyingine itakayoshika. Kwa koni ya plastiki hakikisha chupa imeandikwa kwamba inafaa kwa plastiki ya aina hiyo.

Anza na mdomo wa ndani peke yake. Paka gundi nyembamba kwa brashi kwenye koni na kwenye ukingo, subiri inate, kisha bandika na ubonyeze kuzunguka kwa kidole mpaka pasiwe na mwanya. Acha ikauke kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Usiguse mdomo wa nje bado, kwa sababu ukigundisha vyote viwili kwa pamoja huna tena nafasi ya kusahihisha.

Mdomo wa nje ndio unaoamua kama kazi imefaulu, kwa kuwa mwanya kati ya koili na sumaku ni sehemu ndogo tu ya milimita. Kuna njia mbili za kupata katikati.

Ya kwanza ni ya uhakika zaidi: kata kile kikofia cha katikati kwa wembe mpya, ukiacha sehemu ndogo bila kukata ili kifunguke kama mlango. Ingiza vipande vinne vya filamu nyembamba ya plastiki, filamu ya eksirei inafaa, kati ya koili na nguzo ya katikati, vikipishana sawa. Viingie kwa kubana kidogo bila kulazimishwa. Sasa gundisha mdomo wa nje, acha ukauke, chomoa filamu, rudisha kikofia kwa gundi kidogo.

Ya pili haikati kitu, na ni nzuri pale ambapo kikofia ni kizima na unataka kibaki hivyo. Unganisha besi na amplifaya, piga mlio wa hezi 30 kutoka kwenye simu, ongeza sauti polepole mpaka koni iende mbele na nyuma milimita mbili au tatu. Gundi ikiwa bado mbichi, sogeza mdomo wa nje mpaka mkwaruzo upotee, halafu ubonyeze kuzunguka kwa mtindo wa saa: 12, 6, 3, 9, kisha katikati ya hizo. Ukianza upande mmoja na kuzunguka moja kwa moja, unaivuta koni bila kujua. Sikiliza kwa sikio lililo karibu. Mkwaruzo mdogo haupotei wenyewe baada ya kukauka. Ukishaona inakwaruza, bandua mdomo wa nje mara moja kabla gundi haijashika. Ikishakauka, utahitaji ukingo mwingine.

Bana kwa vibanio vya nguo kwenye vipande vya kadibodi, si moja kwa moja kwenye sponji. Saa 24, besi ikiwa imelala uso juu.

Wakati kabati liko wazi

Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, isiposikika na mita haisomi chochote, koili yake imekatika, kwa kawaida kwa sababu amplifaya ndogo ilisukumwa kupita uwezo wake. Ikisoma kawaida, tazama kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji kilicho kwenye njia ya twita. Kapasita za elektroliti za miaka hiyo hukauka; badilisha kwa zisizo na chanya wala hasi, mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi. Spika ya AR-3a, kwa mfano, ina za mikrofaradi 150, 50 na 6, na vitufe vyake viwili vya kurekebisha sauti hushika kutu ndani kiasi cha kuizima twita kabisa. Vizungushe mara nyingi kabla ya kuilaumu.

Kabla ya kufunga, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo kwa sekunde moja: chanya kwa chanya, koni inapaswa kuruka nje. JBL nyingi za zamani huingia ndani badala yake, ndivyo zilivyotengenezwa. Muhimu ni kwamba besi mbili za jozi zifanane.

Rudisha gasketi (pete ya kuziba hewa), kaza skrubu kwa kupishana. Kwenye kabati lisilo na tundu la kutolea hewa, sukuma koni ndani kidogo na uiachie. Ikirudi polepole, kabati limeziba. Ikiruka hapo hapo, hewa inavuja mahali, na kwanza tazama chini ya fremu uliyoifunga sasa hivi.