Unaanza masta au PhD ya uhandisi kwa utafiti? Malengo yako yaandike hivi

Kila muhula mpya wadogo zangu wananitumia ile fomu ya malengo ya kujifunza wanataka niwaangalizie, na karibu wote wameandika kitu kilekile, "kuongeza uelewa katika fani yangu". Fomu inasainiwa, inaingia kwenye faili, mwaka unaisha na hakuna mtu anaweza kusema umeongeza nini, hata wewe mwenyewe.

Ninavyoshauri mimi, lengo liwe ni kitendo ambacho mtu anaweza kukaa pembeni akakuona unakifanya, na liwe na mwezi wake. Usiandike "kuelewa upimaji wa maji". Andika "ifikapo Machi napima floraidi kwenye sampuli 10 mwenyewe bila fundi wa maabara kunishika mkono, nikirudia kesho yake majibu yanakaribiana".

Natolea mfano floraidi kwa sababu ndio niliyofanyia kazi. Ukanda wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara visima na chemchemi nyingi zina floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, hicho ndicho kiwango cha WHO, ndio maana unakuta watu wana meno ya kahawia na ikizidi sana mifupa nayo inapinda. Pale Ngurdoto kuna kituo kimeshughulika miaka mingi na kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Sasa mwanafunzi anakuja anasema nataka kutengeneza chujio bora, hapo bado hakuna swali. Bora kwa lipi? Linashika floraidi nyingi zaidi? Bei ndogo? Mama anaweza kulibadilisha mwenyewe nyumbani? Swali ni kama hivi: mifupa ichomwe kwa nyuzi ngapi ili gramu moja ishike floraidi nyingi zaidi, na mkaa ukishajaa unaoshwa ukatumika tena mara ngapi. Kubana swali mpaka lifike hapo ndio ujuzi wa kwanza na ni mgumu kuliko vyote, maana digirii ya kwanza swali ulikuwa unapewa na mwalimu jibu analo, huku jibu hana mtu. Upe miezi mitatu au minne, na usione aibu kurudi kwa supavaiza na swali limeandikwa upya mara ya sita.

Halafu kifaa. Hapa nataka niseme kwa urefu maana ndipo wengi tunaumia. Elektrodi ya floraidi, yaani kijiti kinachosoma floraidi kwa milivoti, kabla hujaigusisha sampuli unaipitisha kwenye maji ya kiwango, yaani maji ambayo floraidi yake unaijua tayari, mfano miligramu 1, 10 na 100 kwa lita, na kila ukizidisha mara kumi milivoti zinatakiwa kushuka karibu 59 kama maabara iko nyuzi 25. Ukipata 45 simama hapohapo, elektrodi imechoka au maji yako ya kiwango yameharibika. Tumia kopo la plastiki, kioo kinanyonya floraidi. Na ile bafa, kimiminika kinachoachanisha floraidi na aluminiamu na chuma lazima kiingie kwenye sampuli na kwenye maji ya kiwango kwa kipimo kilekile. Mimi nilikuwa naweka kwenye sampuli tu. Wiki tatu nzima! Grafu imenyooka safi kabisa, namba zote si za kweli, zote nikazitupa, na kwenye fomu yangu nilikuwa nimeandika "kujua vifaa vya maabara". Ningekuwa nimeandika kwamba fundi atanitazama nikikalibreti, yaani nikiseti elektrodi kwa maji ya kiwango, mwanzo mpaka mwisho, angeliona kosa siku ya kwanza.

Daftari la maabara andika siku ileile, kwa kalamu ya wino, pamoja na joto la chumba na jaribio lililofeli. Data weka sehemu tatu, fleshi moja sio bekapu, naomba mnielewe hapo.

Kuandika usisubiri mwaka wa mwisho. Lengo langu lilikuwa kurasa mbili kila Ijumaa, hata kama ni maelezo ya namna nilivyochoma mifupa tu, na sura nzima ya mbinu ilitoka humo.

Waingereza wana orodha ya Vitae, shirika lao la kuendeleza watafiti, ya mwaka 2010 yenye vipengele 63 vya ujuzi wa mtafiti, kuna maarifa, nidhamu binafsi, taratibu za utafiti na kufikisha kazi kwa watu. Ipitie, ila chagua vitano tu kwa mwaka, na kimoja kiwe cha kuongea. Mimi nilijipangia kuwaeleza wanakijiji majibu ya kisima chao kwa dakika kumi bila kutaja milivoti hata mara moja, na aisee maswali ya wale akina mama yalikuwa makali kuliko ya paneli ya watahini, mmoja akauliza uji wa mtoto uliopikwa kwa maji haya ukichemka sana floraidi inatoka? Haitoki, maji yakipungua kwa mvuke ndio inazidi kukolea. Lile swali liliingia kwenye tesisi yangu.

Kila miezi mitatu kaa na supavaiza na karatasi moja tu: lengo, tarehe, nani alikuona ukifanya. Lililokwama lipewe tarehe mpya na jina la mtu atakayekufundisha, kisha msaini wote wawili.