Kukata mikungu Martinique bila kuumwa na "bèt long"

Ndugu zangu mnaokuja kufanya kazi ya migomba huku Martinique, kisiwa cha Ufaransa katika Karibi, neno "nyoka" mtalisikia kwa nadra. Wenyeji humwita bèt long, mnyama mrefu, na wazee shambani hukunja uso ukimtaja kwa jina lake. Mimi sikushangaa. Kwetu Bukavu bibi alitukataza kutaja nyoka usiku, tuseme kamba.

Kitaalamu ni Bothrops lanceolatus, na hapatikani popote duniani ila kisiwa hiki. Msimfananishe na kifutu wa kwetu. Huyu ana vishimo viwili, kimoja kila upande, kati ya jicho na pua, navyo humhisisha joto la panya gizani, au la mkono wako. Rangi yake ni ileile ya jani kavu la mgomba, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi.

Mimi huvaa buti ndefu za mpira. Kabla ya kuinama kwenye shina, nasimama mbali na kulifukua rundo la majani kwa fimbo ndefu, kamwe si kwa vidole. Kugonga tu na kusikiliza hakutoshi, maana huyu si wa kukimbia. Hutulia akitumaini utampita. Rundo nililokagua asubuhi nalikagua tena mchana. Usiku, hata kwenda chooni, tochi mkononi, kwa sababu ndipo anapowinda. (Zamani waliletwa nguchiro wammalize. Nguchiro huwinda mchana!) Ukimwona, rudi nyuma, umwambie msimamizi. Panga liache, ukitaka kumkata, wewe ndiye unayemsogelea.

Akikuuma je? Mwenzangu aliumwa kidoleni, akaanza kufungua mkanda aukaze mkono. Nikamzuia. Tulimvua pete kabla ya uvimbe, tukamkalisha, mkono tukaufunga kwenye kipande cha ubao usichezecheze, tukapiga 15, simu ya dharura ya huku. Hatukuchanja, hatukunyonya, wala lile jiwe jeusi tunaloliamini kwetu hatukulitafuta. Mtu alikuja na chupa ya ramu; tukamrudishia.

Basi mwenyewe aliyeumwa akadai ni mkwaruzo tu, anataka kwenda kulala. Hapo nilimfokea. Sumu ya nyoka huyu huweza kugandisha damu ndani ya mishipa. Mkono unaweza kuvimba kidogo, ukajiona umepona, halafu kesho yake damu iliyoganda ikaziba mshipa wa ubongo, wa mapafu au wa moyo. Mtu anaamka upande mmoja umepooza. Dawa ipo tangu miaka ya 1990, inaitwa Bothrofav, imetengenezwa kwa ajili ya nyoka huyu, nayo inatakiwa mapema, ndani ya saa 6 za mwanzo. Kwa hiyo hospitali huendi kwa kupima uvimbe. Unaenda kwa sababu umeumwa, basi.

Alitundikiwa dripu ya dawa hiyo jioni ileile. Kidole bado hakikunji vizuri, lakini amerudi kazini, na fimbo yake sasa ni ndefu kuliko yangu.