Mambo ya Kuzingatia Kabla Gari Lako la Spoti la Mtumba Halijaanza Kusumbua

Ubovu mwingi unaojitokeza wiki za mwanzo haukuanzia kwako. Ulikuja na gari. Muuzaji alikuwa akiliendesha taratibu kwa sababu alijua ile kelele inatokea wapi, au taa ya injini ilizimwa kwa skana (kifaa cha kusoma na kufuta makosa ya kompyuta ya gari) asubuhi ya mauziano, au gari lilikaa muda mrefu bila kutembea, mipira na sili zikakauka, na hata mwenyewe hakujua. Wewe unafika na hamu yako, unakanyaga mafuta, na kila kilichokuwa kimelegea kinaanza kusema. Maandalizi hayatazuia yote hayo. Yatakachofanya ni kwamba siku gari linapogoma, likukute una akiba, una ushahidi na una fundi.

Tuanze na akiba, maana hapo ndipo wengi hukwama. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki nayo. Gari lililokuwa la matajiri lilipotoka kiwandani linaweza leo kuuzwa kwa bei ya gari la kawaida la familia, ila disiki za breki, klachi na shokapu zake bado zinauzwa kama zamani. Anayemaliza pesa zote kwenye kununua amenunua nusu ya gari. Ni heri uchukue toleo la chini kidogo, au lenye kilomita nyingi lakini lina rekodi kamili za sevisi, ubakiwe na fungu la pembeni. Fungu hilo lisiguswe kwa ajili ya rimu wala ekzozi ya kelele mpaka gari litulie.

Pili, ujue ugonjwa wa ukoo. Karibu kila modeli ya spoti ina sehemu yake dhaifu inayojulikana, na mafundi wa modeli hiyo watakutajia kabla hujamaliza swali. Porsche 911 za kawaida za kizazi cha 996 na Boxster za mwanzo zina beringi dhaifu ya shafti ya kati ndani ya injini. Ikivunjika, injini nzima huenda nayo, na ndiyo maana injini mpya zilizoingia kwenye modeli za mwaka 2009 hazina shafti hiyo kabisa. BMW M3 ya kizazi cha E46 hupasuka bati la sakafu pale fremu ndogo ya nyuma, ile inayobeba difu, inapofungwa. M3 iliyoifuata, yenye injini ya V8, inajulikana kwa kumaliza mapema beringi za konrodi (mikono inayoshika pistoni). Mazda RX-8 haina pistoni. Ina rota za pembe tatu, na sili zilizo kwenye ncha za rota zikichakaa, mgandamizo (presha ya kubana hewa ndani ya injini) huanguka na injini hukataa kuwaka ikiwa ya moto. Ukiwa na RX-8, usimruhusu fundi akupimie mgandamizo kwa geji ya kawaida. Kila rota ina nyuso tatu, na geji hiyo huonyesha uso wenye nguvu kuliko zote, ikaficha ulio mgonjwa.

Faida ya kujua haya mapema ni kwamba kelele ya kwanza haitakupeleka gizani. Unajua pa kuanzia, na unajua kipi hakingojei.

Siku ya kununua, kabla pesa haijabadilisha mikono, chomeka skana. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na yale ya Ulaya tangu miaka ya mwanzo ya 2000, yana tundu la kawaida la kusomea kompyuta ya gari. Wengi huangalia tu kama kuna msimbo wa kosa, wakikuta hakuna wanafurahi. Angalia pia zile hali za utayari: kompyuta hujipima yenyewe mifumo kadhaa, na mtu akifuta makosa, vipimo hivyo hurudi kwenye hali ya kutokamilika mpaka gari liendeshwe vya kutosha. Skana ikikuonyesha kwamba hakuna kosa lolote lakini vipimo vingi havijakamilika, muulize muuzaji gari lilifanyiwa nini juzi. Huenda betri ilitolewa tu. Huenda pia taa itarudi ukiwa umeshafika kwako.

Hapo hapo, soma matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya hukaa ndani muda mrefu, kwa hiyo utakuta tairi lenye meno mazuri kabisa ila mpira umekuwa mgumu kama pembe. Na kama gari linaendeshwa kwa magurudumu yote manne, matairi yaliyochakaa kwa viwango tofauti yanaichosha difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kila mita unayokwenda.

Likishakuwa lako, lifanyie sevisi ya kuanzia upya hata kama muuzaji ameapa kwamba ilifanyika jana. Oili na filta, maji ya rejeta, mafuta ya breki (hufyonza unyevu, na yakizeeka breki huwa laini pale unapozihitaji), oili ya gia boksi na difu, plagi. Beliti ya taimingi isiyo na risiti ya kubadilishwa ihesabu kuwa imekwisha. Hapa kuna jambo dogo ninaloliona muhimu kuliko sevisi yenyewe: usitupe filta ya zamani ya oili. Mwambie fundi aikate, aikunjue karatasi yake chini ya mwanga mkali. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa si vya kawaida. Pitisha sumaku, kinachonata ni chuma, na kisichonata kinaweza kuwa aluminiamu au ganda la beringi. Piga picha. Oili nayo chukua kidogo kwenye chupa safi, maana zipo maabara zinazopima madini yaliyomo. Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuona ndani ya injini bila kuifungua.

Baada ya hapo, uvumilivu, na najua ndio mgumu. Wiki za mwanzo endesha kama unamsikiliza mgonjwa. Mshale wa joto kwenye dashibodi unaonyesha maji, na maji hupata moto mapema kuliko oili. Usiipandishe injini mizunguko ya juu kwa sababu mshale umefika katikati. Kama kuna geji ya oili, ngoja ipite nyuzi 80 hivi. Pima oili kila unapojaza petroli. Zipo injini za kasi ambazo vitabu vyake vinaruhusu hadi lita moja kwa kila kilomita 1,000, na ile ya rota hunyweshwa oili makusudi ili sili zake zilainike. Mwenye gari anayesubiri taa ndipo apime, kwa injini hizi, anachelewa.

Taa zenyewe uzijue kabla hazijawaka. Taa ya presha ya oili ikiwaka unasimama na kuzima injini papo hapo, si kwenye kituo kinachofuata. Joto likipanda hadi kwenye nyekundu, vivyo hivyo, na kifuniko cha rejeta hakiguswi mpaka ipoe. Taa ya injini ikiwaka tuli, una muda wa kwenda polepole mpaka kwa fundi. Ikiwa inapepesa, injini inamisi (silinda inashindwa kuchoma mafuta yake) kiasi cha kupeleka petroli mbichi kwenye ekzozi na kuunguza masega, kile kisafisha moshi; ondoa mguu. Na kama siku moja dashibodi yote inawaka kama sherehe, makosa ya breki, usukani na gia kwa pamoja, pima betri kwanza. Ikiwa imetulia inatakiwa kuwa karibu volti 12.6, na injini ikinguruma kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Betri dhaifu imewahi kuuza sensa nyingi zisizokuwa na kosa.

Maana msimbo hautaji kipuri cha kununua. P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi. Haisemi kama ni plagi, koili, nozeli au vali. Hamisha koili ya silinda hiyo uipeleke kwenye nyingine, uone kama kosa linaifuata. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na gari likapona, hujui ulichotibu.

Kuhusu muuzaji, gari likigoma usimruhusu fundi afungue chochote kabla hujamwarifu muuzaji huyo kwa maandishi. Andika tarehe, kilomita, injini ilikuwa baridi au moto, ulikuwa gia ya ngapi, kelele inafuata mwendo wa magurudumu au mizunguko ya injini. Rekodi sauti kwa simu. Haki zako zinategemea sheria za nchi na nani alikuuzia; kwa Uingereza, mathalani, sheria ya mwaka 2015 humpa aliyenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kulirudisha gari bovu, lakini aliyenunua kwa mtu binafsi hana kinga hiyo. Popote ulipo, injini iliyokwisha kufunguliwa ni ushahidi ulioharibika. Kama umelipia dhamana ya ziada, soma yasiyolipiwa: vitu vya kuchakaa, mbio za uwanjani, na gari lililobadilishwa programu ya injini. Hilo la mwisho muulize muuzaji waziwazi, na udai vipuri vya asili kama anavyo.

Fundi mtafute gari likiwa zima. Muulize kama ana skana inayoingia ndani ya kompyuta za kampuni hiyo, na kama jeki yake inapita chini ya gari lililolala hivyo bila kuponda bati za pembeni. Gari la namna hii likikwama libebwe juu ya lori bapa, lisiburutwe. Fungua buti leo hii uhakikishe pete ya kuvutia ipo, ile inayofungwa kwenye bampa, pamoja na soketi ya nati za usalama za magurudumu. Soketi hiyo hupotea kwa wamiliki wa awali kuliko kitu kingine chochote, na bila hiyo hata pancha ndogo inageuka kuwa kazi ya kuchomelea.