Wimbo wa Kihindi wa zamani: laza simu kifudifudi kwanza, usikilize

Mama mkubwa wangu anakaa Mikindani, huku Mtwara, na msimu wa korosho ukifika utamkuta uani kwenye kigoda, vidole vimepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze, anagonga korosho na kijiti chake ta, ta-ta, ta, halafu anaimba "musafiri hu yaro". Miaka yote hiyo nikawa nacheka kimoyomoyo najua bi mkubwa anajitungia tu. Filamu yenyewe hajawahi kuiona hata siku moja, wimbo kausikia redioni enzi zake ukamganda. Siku moja nikautafuta YouTube nikaupata: Musafir Hoon Yaaron, filamu inaitwa Parichay ya 1972, anaimba Kishore Kumar, muziki wa R.D. Burman, maneno ya Gulzar. Na "musafir" ni msafiri huyu huyu wetu. Kumbe bi mkubwa alikuwa sawa, asiyejua nilikuwa mimi niliyeangalia filamu za Kihindi tangu nina miaka saba.

Na nilikuwa sijui kwa sababu nilizijua kwa macho. Kibanda umiza nilichokuwa naenda Chikongola, mwenye banda ukifika wimbo tu anapeleka mbele, anataka picha iishe haraka aingize watu wengine, asipopeleka mbele basi yule mtafsiri anaongea juu ya wimbo mwanzo mpaka mwisho. Kwahiyo nilikua najua ngumi za nani na machozi ya nani, ila wimbo mzima sikuwahi kuusikia. Kama na wewe ni wa kundi langu, hivi ndivyo nilivyojifunza upya na unaweza ukafuata, haina gharama zaidi ya bando kidogo.

Kwanza kabisa usiangalie. Yani washa wimbo, laza simu kifudifudi mezani. Sababu ni kwamba yule unayemwona anafungua mdomo siye anayeimba, huu utaratibu wa mwimbaji kurekodi studio halafu mwigizaji anafuatisha mdomo ulianza India mwaka 1935, na toka hapo waigizaji wengi mno wanaazima koo la mtu mwingine. Raj Kapoor ukimwona anaimba kwenye Awaara ya 1951 ujue ni Mukesh. Na mwanamke anaweza akawa Nargis leo, Madhubala kesho, keshokutwa Meena Kumari, sura tatu tofauti, sauti ni Lata Mangeshkar yule yule. Ukiangalia picha utapenda sura, ukisikiliza utaanza kuwajua watu wenyewe, Lata, mdogo wake Asha Bhosle, Mohammed Rafi, Kishore, Mukesh, Geeta Dutt, Manna Dey. Anza na hao saba tu, wengine watakuja.

Enzi zile hata wenyewe India walikuwa hawatajwi. Wimbo wa Aayega Aanewala kwenye filamu ya Mahal, 1949, santuri zilitoka zimeandikwa mwimbaji Kamini, ambalo ni jina la mhusika wa kwenye filamu! Wasikilizaji wakaandika redioni wanauliza huyu ni nani, ndo jina la Lata likajulikana. Huo wimbo usikilize usiku taa imezimwa (kwetu hapa hiyo hali inakuja yenyewe tu bila kuitafuta), mwanzoni sauti inatokea mbali halafu inasogea. Sio mashine. Lata alisimama kona ya chumba akawa anaimba huku anatembea kuelekea kwenye maiki, mpaka akafika.

Sasa kabla hujaenda mbali, angalia unasikiliza kopi gani, maana hapa ndo watu wengi wanaharibikiwa. Kuna matoleo yanaitwa Jhankar, huo ni wimbo ule ule wa zamani ila mtu kaja baadaye kaubandika ngoma za kompyuta juu yake, tsi-tsi-tsi mwanzo mwisho. Nilinunuliwa flash pale mjini na kaka yangu, nyimbo mia tatu za Rafi na Lata, nikafurahi nusu nife, kufika nyumbani zote Jhankar. Ni sawa na mtu akuwekee tomato sosi kwenye mchuzi wa pweza wa nazi. Ukiona neno hilo kwenye jina la video pita, tafuta yenye mikwaruzo kidogo ya santuri, mikwaruzo ndo dalili njema. Na sabufa zima jamani, zile rekodi za miaka ya 50 hazina besi ya kutikisa madirisha, ukiweka sabufa unasikia mvumo tu na sauti inazama. Hedifoni za buku tano zinatosha. Bando nalo usiogope, shusha ubora wa video mpaka 144p kwani si umelaza simu, unaona nini, wimbo wenyewe dakika tatu na kitu kwa sababu santuri za zamani upande mmoja ulikuwa unabeba kama dakika tatu hivi.

Haya, wimbo mmoja usikilize mara nne mfululizo. Nasema mmoja, usiruke ruke. Mimi ningekwambia uanze na Lag Ja Gale, filamu Woh Kaun Thi ya 1964, mtunzi Madan Mohan, anaimba Lata.

Mara ya kwanza fuata sauti tu. Utagundua kuna kipande kinarudi rudi, wenyewe wanakiita mukhda, hicho ni kibwagizo, na kuna vipande vya katikati vinaitwa antara, ni beti. Mtu aliyekulia taarab hapa hapotei hata kidogo, maana na sisi tunasubiri kile kibwagizo kirudi ndo tunyanyuke kutunza. Tofauti ni kwamba taarab itakusubirisha dakika kumi, hawa wanakurudisha chapchap.

Mara ya pili fuata ngoma, ile tabla. Usisikilize kingine. Hesabu kwa vidole kwenye paja, moja mbili tatu, nne tano sita, halafu inaanza upya. Huo mdundo wa kuhesabu mpaka sita unaitwa dadra, na ukishaipata utahisi kama umekaa kwenye mtumbwi bandarini maji yanakubembea, unaenda unarudi. Nyimbo nyingi sana nyingine zinaenda kwa nane, hiyo inaitwa kaharwa, ndo ile ya kutembea na kuchezesha bega. Ukijua kutofautisha hizi mbili tu umeshawaacha mbali watu wengi wanaojiita mashabiki. Mie nilichukua wiki nzima, na aliyenisaidia ni kile kijiti cha korosho, nikikaa uani na mama mkubwa simu inaimba yeye anagonga tu bila kufikiri, mie nahesabu mkono wake.

Mara ya tatu sikiliza kila kitu kingine ambacho sio sauti na sio ngoma. Hapa ndo pana utamu na hapa mtu anaweza akapotelea masaa. Violini, filimbi, sitar, akodiani, mandolini. Wengi wa waliokuwa wanapiga na kupanga vile vyombo studio za Bombay walikuwa Wagoa, yani watu wa Goa huko huko India, waliosoma muziki wa noti za Kizungu makanisani, ndio maana utasikia tabla na violini ishirini zinakaa pamoja bila kugombana. Mmoja wao Anthony Gonsalves alikuwa mwalimu wa Pyarelal, yule wa watunzi wawili Laxmikant-Pyarelal, na mwanafunzi akaja kumkumbuka mwalimu kwa kulitia jina lake kwenye wimbo wa filamu ya Amar Akbar Anthony, 1977, ule Amitabh anatoka ndani ya yai kavaa kofia ndefu. Sisi tulikuwa tunacheka yai tu.

Mifano ya kusikiliza hivi vitu vidogo: Chura Liya Hai Tumne, filamu Yaadon Ki Baaraat 1973, mwanzoni kabisa kabla hata gita halijaingia kuna kiglasi kinagongwa kling kling, huyo R.D. Burman, alikuwa anaweza kupata muziki hata kwenye chupa. Halafu Maang Ke Saath Tumhara wa Naya Daur, 1957, mtunzi O.P. Nayyar, mdundo wote ni kwato za farasi anayevuta kigari, hebu chukua vifuu viwili vya nazi jikoni ugonganishe utapata sauti ile ile. (Nayyar huyo ndo mtunzi mkubwa ambaye maisha yake yote hakumtumia Lata hata wimbo mmoja, na bado nyimbo zake zikawa moto, Asha na Geeta wakafaidi.) Na ule wimbo wa nyoka ambao kila mtoto kuanzia Lindi mpaka Masasi anaujua hata kama hajui unatoka wapi, ile zumari ya kuchezesha nyoka, ni Man Dole Mera Tan Dole kwenye Nagin ya 1954. Ila pale hamna zumari! Kile ni kinanda cha umeme kinaitwa clavioline, alikipiga Kalyanji. Nilivyojua nilirudia kusikiliza mara sita, nikamwambia kila mtu kijiweni, hakuna aliyejali.

Mara ya nne ndo maneno. Watu wanakwama hapa wanasema lugha siijui, nani kakwambia huijui? Washairi wa zile nyimbo, kina Sahir Ludhianvi, Shakeel Badayuni, Majrooh Sultanpuri, waliandika kwa Kiurdu, na Kiurdu kimebeba maneno ya Kiarabu kwenye gunia lile lile tulilobeba sisi. Duniya ni dunia. Waqt ni wakati. Umr ni umri. Khabar habari, naseeb nasibu, sabr subira, mehbooba mahabuba, maut mauti. Ongezea machache ambayo sio yetu, dil moyo, pyaar mapenzi, zindagi maisha, raat usiku, chaand mwezi wa mbinguni, yaad kumbukumbu, ukiyashika hayo nusu ya nyimbo zote umeshajua zinalia nini. Rafi akiimba kwenye Pyaasa ya 1957 kwamba hii duniya hata ukiipata yote itakuwa ni nini, unahitaji mkalimani hapo? Na ile Lag Ja Gale anasema nikumbatie, usiku mzuri kama huu huenda usirudi tena, huenda maisha haya tusikutane tena. Sasa rudi usikilize ukiwa unajua.

Raga, yani ile mipangilio ya sauti ambayo nyimbo nyingi zimejengwa juu yake, sitazigusa sana, ni bahari na mie naogelea ufukweni. Ila moja uijaribu, Man Tarpat Hari Darshan Ko Aaj wa filamu Baiju Bawra, 1952, raga inaitwa Malkauns, ina sauti tano tu. Ni wimbo wa ibada ya Kihindu, aliyeandika Shakeel, aliyetunga Naushad, aliyeimba Mohammed Rafi, Waislamu watatu. Mzee mmoja wa jirani aliusikia kwangu akadhani ni kaswida, akakaa mpaka ukaisha ndo akauliza.

Ukishazoea acha kutafuta kwa jina la filamu au la steringi, tafuta kwa jina la mtunzi. Andika Naushad, andika S.D. Burman, Shankar-Jaikishan, Salil Chowdhury, Madan Mohan, kaa na mmoja wiki nzima. Halafu ndo rudi uangalie picha, maana sasa utaona mwigizaji anavyovuta pumzi pasipotakiwa. Na ukimaliza hapo sikiliza taarab za Mombasa za Juma Bhalo, aliyekuwa bingwa wa kutia maneno ya Kiswahili kwenye mahadhi ya filamu hizi, utaanza kupiga kelele "hii naijua!" mpaka nyumbani wakuone umechanganyikiwa.

Juzi nilimpelekea mama mkubwa ule wimbo wake kwenye simu, nikamwekea kuanzia pale Kishore anapoanza kuimba ili asisubiri. Kagonga korosho mbili, akasimama. "We mwanangu, rudisha nyuma huko. Umenikatia vyombo."